Wasifu wa babu na bibi: mwongozo kamili wa kuandika maisha ya wanandoa wenye uzao mkubwa

Wasifu mwingi unaosomwa makaburini huandikwa usiku wa kuamkia mazishi, chini ya turubai, na mjukuu ambaye simu yake bado ina chaji. Shangazi anataja mwaka, mjomba anaukataa, mtu wa tatu anasema "andika tu miaka ya sitini". Asubuhi kinachosomwa kuhusu baba ni shule, ajira na vyeo. Kuhusu mama ni mistari minne: aliolewa, alijaliwa watoto kumi, alikuwa mcha Mungu, aliwapenda wote. Miaka hamsini ya ndoa imekwisha hivyo.

Kazi hii inahitaji miezi mitatu hivi ya Jumamosi, na inafanywa wazee wakiwa hai. Kama mmoja ametangulia, anza wiki hii na aliyebaki. Mwongozo huu unalenga familia yenye watoto wanane, kumi au zaidi, wajukuu wasiojuana wote, na wazee ambao hawakuzaliwa hospitali. Mifano mingi ni ya Tanzania. Kwa Kenya na Pwani tumetaja palipo na tofauti.

Nani akae na wazee

Mtoto wao wa kumzaa si mtu bora wa kuuliza. Kati yake na wazazi kuna haya. Mjukuu ndiye mwenye ruhusa, kwa sababu katika jamii zetu nyingi babu, bibi na wajukuu ni watani: bibi humwita mjukuu wa kiume "mume wangu", babu humwita wa kike "mchumba". Swali kama "bibi, huyu babu ulimpendea nini?" likitoka kwa mjukuu hujibiwa kwa kicheko na simulizi la nusu saa. Likitoka kwa mwanawe wa kwanza hujibiwa "ndivyo wazee walivyopanga". Wakwe wapewe kazi ya picha na nyaraka, maana kuna maswali ambayo mkwe hamuulizi mkwewe.

Chagueni wajukuu wawili, mmoja wa kuuliza na mmoja wa kuandika. Angalau mmoja awe anasikia kilugha cha nyumbani vizuri. Mzee akihamia kilugha katikati ya simulizi, mwacheni, kwani hapo ndipo anapokumbuka kwa undani. Nendeni na sukari, majani ya chai na sabuni, na siku ya kwanza msirekodi chochote. Waelezeni mnachotaka kufanya na kwa nini, mpate ridhaa ya wote wawili.

Pangeni vikao sita, kila kimoja dakika 45, asubuhi baada ya chai. Kikao cha kwanza wakae pamoja: walivyokutana na walivyooana. Viwili vya bibi peke yake, viwili vya babu peke yake, na cha mwisho pamoja tena kwa kusahihisha. Vikao vya bibi peke yake msiviruke kwa vyovyote. Babu akiwepo, bibi wengi humwachia aseme yeye, hata kwa mambo ambayo babu hakuwepo yakitokea.

Anza na orodha ya watoto

Wengi huanza na swali "ulizaliwa mwaka gani?" na hapo hapo hukwama. Anzeni na watoto. Kwa mama aliyezaa mara kumi, watoto ndio kalenda yake. Chukueni daftari kubwa la mistari, kila mtoto ukurasa wake, kuanzia kifungua mimba hadi kitinda mimba: jina la nyumbani, jina la dini au la shule, alipewa jina la nani, alizaliwa wapi, nani alikuwa mkunga, ulikuwa msimu gani.

Kisha kila tukio mnaliuliza kwa kuliegemeza kwa mtoto. Badala ya "mlihamia hapa lini?" ulizeni "mlipohamia hapa, mgongoni ulikuwa umembeba nani?" au "ulikuwa na mimba ya nani?" Akisema alikuwa amembeba wa nne, naye ameanza kutambaa, na cheti cha wa nne kinasema alizaliwa mwishoni mwa 1973, basi walihama katikati ya 1974. Jibu la namna hiyo lina nguvu kuliko mwaka unaotajwa kwa kubahatisha.

Majina pia husaidia. Kwa Wasukuma, Kulwa na Doto ni mapacha na Shija humfuata. Kwa Wakikuyu, mvulana wa kwanza hupewa jina la babu wa upande wa baba, na wa pili la babu wa upande wa mama. Kwa hiyo mpangilio ukiruka, huenda kuna mtoto hamjatajiwa. Wajaluo wana majina yanayotaja wakati wa siku mtoto alipozaliwa.

Angalieni nafasi kati ya watoto. Kwa wamama wa kizazi hicho, kunyonyesha kulifanya nafasi iwe miaka miwili hadi mitatu. Mkiona pungufu ya miezi tisa, huenda tarehe moja si sahihi. Mkiona pengo la miaka mitano, kuna sababu: baba alikuwa mbali kwenye mashamba ya mkonge, jeshini au masomoni, mama aliugua, au kuna mtoto aliyefariki. Hili la mwisho liulizwe mara moja tu, katika kikao cha bibi peke yake, kwa maneno mepesi: "Kati ya huyu na huyu, kulikuwa na mwingine?" Akinyamaza, nyamazeni nanyi. Akisema, ulizeni jina na mahali alipozikwa. Makaburi ya wachanga mara nyingi hayana alama. Bibi akiwaonyesha, pimeni hatua kutoka kwenye mwembe au kona ya nyumba, na mhifadhi eneo hilo kwenye ramani ya simu.

Namba kwa kila mtu

Katika familia ya watu themanini, majina yanajirudia: wajukuu wanne wanaitwa kwa jina la babu, watatu kwa la bibi. Wapeni namba. Watoto ni 1 hadi 10 kwa mpangilio wa kuzaliwa, wakiwemo waliofariki. Mtoto wa pili wa mtoto wa nne ni 4.2. Kitukuu anayetoka kwa huyo ni 4.2.1, na kilembwe anaongeza nukta moja. Watoto wa ndugu waliolelewa pale nyumbani wapewe L1, L2 na kuendelea, wasichanganywe wala wasiachwe.

Kila nyumba ijaze karatasi yake, isainiwe na mkubwa wa nyumba hiyo. Msiulizie kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Watu hujibu nusu, mtoto aliyehamia kwa shangazi anahesabiwa mara mbili, na wa mjini hawajibu kabisa.

Kufunga miaka kwenye matukio ya nchi

Pasipo cheti, tumieni matukio ambayo tarehe zake hazibishaniwi. Kwa Tanzania: mwisho wa Vita Kuu ya Pili (1945), mradi wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea (mwishoni mwa miaka ya 1940), kuanzishwa kwa chama cha TANU (7 Julai 1954), Uhuru (9 Desemba 1961), Mapinduzi ya Zanzibar (12 Januari 1964), Muungano (26 Aprili 1964), Azimio la Arusha (Februari 1967), Operesheni Vijiji (kilele chake 1974 hadi 1975), Vita vya Kagera (1978 hadi 1979), kifo cha Waziri Mkuu Sokoine (12 Aprili 1984), kuzama kwa meli ya MV Bukoba (21 Mei 1996), mvua za El Niño (1997 hadi 1998), kifo cha Mwalimu Nyerere (14 Oktoba 1999). Kwa Kenya: kutangazwa kwa hali ya hatari (Oktoba 1952), Uhuru (12 Desemba 1963), kifo cha Mzee Kenyatta (22 Agosti 1978), jaribio la mapinduzi (1 Agosti 1982).

Msimwulize mzee kama anakumbuka tukio. Mwulizeni alikuwa nani siku hiyo: alikuwa anachunga, ameshatahiriwa, ameshaolewa, ana watoto wangapi. "Uhuru ulinikuta na mtoto mmoja, wa pili yumo tumboni" ni jibu linalofunga miaka mitatu kwa mpigo.

Mitego ipo. Unga wa njano wa msaada uliletwa zaidi ya mara moja katika miaka ya 1970 na 1980, hivyo "ile njaa ya unga wa njano" haitoshi peke yake. Kila wilaya ina njaa zake zenye majina. Ulizeni wazee wengine wawili wa kijiji kabla ya kuandika mwaka. "Nilimaliza darasa la nane" kwa mzee wa Tanzania Bara maana yake ni kabla darasa hilo halijafutwa, katika nusu ya pili ya miaka ya 1960. Kwa Mkenya linaweza pia kuwa lile lililokuja na mfumo wa elimu wa 8-4-4 mwaka 1985.

Vyeti navyo visiaminiwe kwa macho. Wengi waliingia shule kwa kupitisha mkono juu ya kichwa kugusa sikio la upande wa pili, na mwaka ukaandikwa na mwalimu. Wengine walipunguziwa umri ili wapate nafasi. Tarehe ya 1 Januari au 1 Julai kwenye kitambulisho cha mzee mara nyingi ni ya makadirio. Panapobaki shaka, andikeni "mwaka 1938 au 1939". Hiyo si aibu. Aibu ni tarehe kamili ya kubuni.

Pwani na Visiwani, wazee wengi huhesabu kwa Hijria, yaani kalenda ya Kiislamu, na kutaja miezi kwa mfungo. Mfungo tatu ndio mwezi wa Idi ya kuchinja, mfungo sita ndio wa Maulidi. Miaka 33 ya Hijria ni kama 32 ya Miladia (kalenda ya kawaida), kwa hiyo ndoa ya miaka 60 ya Hijria ina miaka 58 hivi ya Miladia. Mkikosa hesabu hii, mtairudisha tarehe ya nikahi nyuma karibu miaka miwili, na mtaleta pengo lisilokuwepo kati ya ndoa na kifungua mimba.

Sanduku la bibi na mashahidi wa ndoa

Nyaraka ziko kwenye sanduku la bati, chini ya khanga. Tafuteni cheti cha ndoa, kadi za kliniki, vyeti vya ubatizo, kadi ya TANU au ya ASP (chama cha Afro-Shirazi cha Zanzibar), stakabadhi za kodi ya kichwa, kipande (kadi ya kazi) cha mashamba ya mkonge, daftari la ushirika wa kahawa au pamba, barua. Piga picha kila kimoja pale pale, ukirudishe palipokuwa. Ndoa nyingi za kimila hazina cheti. Kwa za kanisani, parokia hutunza vitabu vya ubatizo na ndoa. Nendeni na majina ya ubatizo ya wote wawili na mwaka wa kukadiria, kwani makarani hutafuta kwa mwaka.

Mashahidi ni wa kutafutwa mapema maana wanapungua: mshenga au watoto wake, wasimamizi wa ndoa, somo aliyemfunda bi harusi, ndugu waliopokea mahari. Andikeni mahari kwa hesabu: ng'ombe wangapi, mbuzi wangapi, nani alipeleka, nani alipokea, nini kilibaki deni. Babu akisema ng'ombe kumi na wawili na bibi akisema tisa, andikeni zote mbili. Huenda tisa walifika na watatu walibaki ahadi, na bibi ndiye aliyewahesabu nyumbani kwao.

Kurekodi

Simu inatosha. Iweke hali ya ndege ili mtu asipige katikati, ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa, si juu ya meza tupu, umbali wa mkono mmoja kutoka kinywani mwa mzee. Zima redio, sogea mbali na bati wakati wa mvua. Mwanzoni tamka tarehe, mahali na waliopo. Saa moja ya sauti hula MB 30 hadi 60, lakini kuiandika yote hula saa nne hadi sita, na hapo ndipo familia nyingi hukata tamaa. Msiandike yote. Sikilizeni, wekeni alama ya dakika kwenye kila jambo zito, mnukuu hayo tu neno kwa neno. Faili liitwe kwa mwaka, mwezi, siku na jina la msemaji, na liwekwe sehemu tatu, moja ikiwa nje ya nyumba hiyo.

Waulizeni pia watoto, lakini kwa makundi: wawili wa mwanzo, wawili wa katikati, wawili wa mwisho. Kifungua mimba alilelewa na baba wa miaka 24 mwenye fimbo na njaa ya kutafuta. Kitinda mimba alilelewa na mzee aliyestaafu, anayemkatia kipande cha nyama kwenye sahani yake. Ni mtu yule yule, na wote wawili wanasema kweli. Wasifu ulioandikwa na mtoto mmoja tu hupoteza nusu ya maisha hayo.

Kazi ya mama iandikwe kwa hesabu

Hapa ndipo tunapoomba mtumie muda mwingi kuliko popote. Wasifu wa kawaida unasema "mama alikuwa mama wa nyumbani, mchapakazi". Sentensi hiyo inamfaa mama yeyote, kwa hiyo haimfai huyu. Mwulizeni bibi siku yake moja, kuanzia anapoamka hadi anapolala, mwaka ambao nyumba ilikuwa na watoto wengi zaidi. Maji yalikuwa umbali gani, ndoo ngapi kwa siku? Sufuria ya ukubwa gani, unga kiasi gani kwa mlo mmoja? Shamba ekari ngapi alilima kwa mkono wake? Aliuza nini, wapi, siku gani za mnada? Ada ya nani ilitoka kwenye pombe, maandazi, ukili, vyungu au kuku? Alikuwa kwenye kikundi gani cha kufa na kuzikana? Alizalisha kina mama wangapi kijijini?

Baada ya hapo mnaweza kuandika hivi: "Kuanzia mtoto wa tatu hadi wa nane walipokuwa shule, mama aliamka saa kumi usiku kukanda kilo nne za unga wa maandazi, akayauza kituo cha basi, na ada za watoto wanne wa sekondari zilitoka hapo." Msikilizaji hahitaji tena kuambiwa kwamba alikuwa mchapakazi.

Kwa baba, fanyeni kinyume. Kazi zake za nje zinajulikana. Ulizeni za ndani: nani alikesha mtoto alipougua, nani alifundisha kusoma saa, alifanya nini mahindi yalipokwisha ghalani mwezi wa pili.

Mambo mazito

Kabla ya kuandika, kaeni kikao cha wakubwa wa nyumba zote na kukubaliana juu ya mambo manne. Watoto wa nje: msimamo wetu ni kwamba waliotambuliwa na mzee wahesabiwe wote, kwa sababu wako msibani na wanasikia. Wake zaidi ya mmoja: kila nyumba ipewe sehemu yake kwa mpangilio wa ndoa, na urefu ulingane. Ugonjwa: sentensi mbili zinatosha, na maradhi yanatajwa kwa ridhaa tu. Ardhi na mali: msiandike kabisa nani alipewa kiwanja gani. Wasifu si wosia, na karatasi iliyosomwa mbele ya watu mia tatu inaweza kuja kushikwa na mtu kama ushahidi.

Miaka migumu ya ndoa isifutwe yote. Kama bibi aliwahi kurudi kwao kwa mwaka mzima, na wote wawili wanakubali litajwe, liandikwe kwa sentensi moja pamoja na nani aliyemfuata kumrudisha. Wajukuu walio kwenye ndoa watalishika hilo kuliko sifa zote.

Picha

Msibandue picha zilizogandia kwenye albamu za gundi, zitachanika. Zipigeni zikiwa humo, plastiki ikiwa imefunuliwa, karibu na dirisha pasipo jua la moja kwa moja, bila mweko (flashi), simu ikiwa sambamba na picha. Mkipata skana, nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa picha ya kawaida na 600 kwa pasipoti. Zitumeni kama faili, si kama picha, la sivyo WhatsApp itazibana na zikichapwa zitakuwa na ukungu. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli laini. Wino wa kalamu hupenya hadi usoni. Mhuri wa studio nyuma yake unaweza kutaja mji, na huenda ndiko wazee walikoishi wakati huo.

Vipande viwili vya maandishi

Andikeni matoleo mawili tofauti. La kwanza ni la kusomwa, kwenye jubilei au siku ya mazishi: maneno 700 hadi 800, yaani dakika saba au nane kwa mwendo wa utulivu. Zaidi ya hapo watu walio juani huanza kunong'ona. Lichapwe kwa herufi za pointi 14, mistari iachane, idadi zihakikiwe siku hiyo hiyo ("watoto 10, wajukuu 43, vitukuu 12"). Msomaji awe mtu mwenye sauti asiyevunjika haraka, na wa pili asimame karibu na nakala yake.

La pili ni kijitabu. Kurasa zake lazima zigawanyike kwa 4, kwa sababu karatasi moja ya A4 ikikunjwa hutoa kurasa nne za A5: kurasa 32 ni karatasi 8. Hadi kurasa 60 hivi hubanwa pini katikati. Zaidi ya hapo kitabu hutuna na hakifungi, mwambieni mchapaji atumie gundi. Chapeni nakala moja kwanza, si mia.

Nakala hiyo ya kwanza wasomewe wazee wenyewe, kikao cha sita, sauti ya juu, mbele ya watoto wanaoweza kufika. Kila mtu awe na kalamu. Majina hukosewa zaidi ya tarehe, na mjukuu aliyekosewa jina hasahau. Bibi akisema "hili toeni", linatoka bila mjadala.

Mkishasahihisha, kila nyumba ipate nakala moja, na mbili zaidi kwa parokia au msikiti na kwa shule ya kijiji kama wazee waliijenga. Ya bibi na babu ichapwe kwa herufi za pointi 16 kwenye A4. Mwishoni mwa kila nakala acheni kurasa nne zenye mistari na safu ya namba tayari, ili kitukuu atakayezaliwa mwezi ujao aandikwe kwa mkono: 4.2.2, jina lake, amepewa jina la nani, alizaliwa wapi.